Uzoefu wangu: saratani ya koo ya baba na matibabu ya Ocean Road

Sauti ya baba ilianza kukwaruza, kisha ukamtoka uvimbe chini ya taya. Zahanati moja ya mtaani, huku kwetu Kimara, ilimpa antibayotiki mara tatu. Miezi minne ikapita. Inaniuma hadi leo, maana anavuta sigara tangu ujana na hakuna aliyemuuliza.

Daktari wa masikio, pua na koo alipitisha kamera nyembamba puani, akatazama, kisha akaniambia, "Dada, huo wa shingoni ni mtoto. Mama yake yuko kooni." Wakachukua kinyama kidogo cha kwenda kupima. Ikafuata CT scan ya shingo na kifua, kwa sababu saratani hizi zikivuka shingo hukimbilia zaidi mapafuni. Mapafu yalikuwa safi. Tezi mbili za upande mmoja ndizo zilizoingiliwa.

Karatasi ikasema hatua ya 4. Nyumbani tulilia kama tumeshafiwa, shangazi akaanza kupigia simu ndugu wa Songea. Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ndiko tulikoeleweshwa: kwa saratani ya koo kama ya baba, tezi mbili tu za shingoni zinatosha kuiita hatua ya 4, na bado hutibiwa kwa nia ya kuponya. Natamani kila familia ielezwe hivyo siku ileile inapopewa majibu.

Alipangiwa mionzi mara 35, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na dripu za dawa. Kwanza meno mabovu yaling'olewa, maana taya likishapigwa mionzi kidonda cha jino hugoma kupona. Wakamfinyangia usoni wavu wa plastiki uliolainishwa kwa maji ya moto, ili kichwa kisisogee. Kila asubuhi mwendokasi hadi Kivukoni, halafu bajaji.

Wiki ya nne mdomo ulijaa vidonda, hata uji ukamshinda. Mrija wa puani wa kumlishia aliukataa katakata, na akataka apumzike mionzi. Muuguzi mmoja alikaa naye karibu saa nzima: "Mzee wangu, ukiruka siku, unaupa ugonjwa nafasi." Akakubali. Yule mama Mungu ambariki.

Scan ya miezi mitatu baada ya kumaliza ilikuwa safi. Mate bado machache, hatoki bila chupa ya maji. Kila kliniki daktari huanza kwa kumpapasa shingo, pande zote mbili, polepole, nami husimama pembeni nikitazama vidole vyake.