Warsha ya ushairi Mji wa Kale, Mombasa, nilivyoiona mimi

Tangazo lake nililipata WhatsApp, mshairi mgeni kaja kutoka Lamu, siku moja tu, shilingi 500 na chai ndani yake, nikasema wacha niende manake Jumamosi yenyewe sina la kufanya. Lawama kwanza. Tuliambiwa saa tatu kamili tukaanza saa nne na robo, chumba cha juu chenye feni moja yazunguka kama imelazimishwa, watu thelathini na ushei, na waliokaa nyuma hata karatasi hawakupata.

Lakini huyo mzee alipofungua mdomo, jamani! Hakuna cha ubao wala utangulizi, alianza na beti za Muyaka bin Haji, malenga wa hapa hapa Mvita aliyefariki 1840, asoma huku agonga meza, silabi nane, apumua, nane tena, mpaka mwenyewe wajikuta wagonga paja. Mimi shuleni vina, zile sauti za mwisho zinazofanana, na mizani, hesabu ya silabi, nilikariri za mtihani tu, kuzisikia ndio siku hiyo.

Kisha kila mtu aandike ubeti. Wangu wa feri ya Likoni, si mwaijua ile foleni, nikaanza "Watu wanibana mwili, hapana alo na haya", wa pili "Nimengoja feri mbili, haijaja hata moja". Nikakwama. Mizani kumi na sita zimetimia, kina cha kati sawa, cha mwisho ndio chakataa, "haya" na "moja" haziendani. Ustadh akaniinamia, "Mwanangu, bibi yako akihesabu huanzaje?" Nikamwambia moya, mbili... nikanyamaza. Moya! Ndio moja kwa Kimvita chetu, na yaingia kina na "haya". Neno ambalo darasani nilikuwa nikilisema nachekwa. Akasema "basi andika", akaenda zake kwa mwengine.

Pale sikukubaliana naye ni kwa kijana mmoja aliyeleta shairi huru, lisilofuata vina wala mizani, akaambiwa hiyo ni barua. Kijana alikuwa na maneno mazito wallahi, angesikizwa mpaka mwisho.

Chai ilikuja na mahamri na mbaazi, mbaazi zimepoa.

Akirudi nitalipa tena, hata 1000, ila waandaaji wapange chumba chenye hewa na saa tatu iwe saa tatu. Nilivuka feri jioni natafuta mishororo miwili iliyobaki, nahesabu kwa vidole, mama mmoja kando yangu akaniuliza kama nimepoteza pesa.