Mkojo wa paka kwenye kapeti: kabla hujalipa, uliza kama dawa inafika chini

Desemba iliyopita nilinunua kopo la povu la kusafishia kapeti pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, Sh 22,000. Muuzaji akaapa haki ya Mungu kwamba harufu hairudi ng'o. Nikapuliza, nikasugua, sebule ikanukia waridi. Wiki haijaisha mvua ikashika siku mbili mfululizo, madirisha yamefungwa, na shemeji yangu akaingia akakunja pua mlangoni. Na Kidevu, paka wangu, alisharudi kona ile ile kumalizia shughuli zake.

Bei, ukubwa wa chupa na harufu nzuri mtaangalia wenyewe. Mimi nina neno moja tu: kina. Siku ile nilifunua kapeti. Juu doa lilikuwa na ukubwa wa kisosi. Chini, kwenye sponji, lilikuwa sinia. Mkojo ni maji, unashuka mpaka ukutane na saruji. Ukikauka unaacha chembe za asidi ya uriki, ambazo maji matupu hayaziyeyushi vizuri, na unyevu ukirudi nazo zinaamka. Sasa povu linalokaa juu kama utando wa maziwa litazifikiaje? Hata dawa nzuri ukiipuliza kama marashi umetupa hela. Fungua kifuniko, mimina, iloweshe mpaka sponji.

Dawa ya kwanza kwangu ni Nature's Miracle, ile ya paka. Naipendelea na sifichi. Ina vimeng'enya vinavyovunja uchafu wenyewe badala ya kuufunika kwa manukato, na ni maji, kwa hiyo inashuka. Lakini inataka subira: vimeng'enya hufanya kazi vikiwa vimelowa, na baridi huvichelewesha. Julai ya Mbeya dakika kumi hazitoshi. Mimi huimwaga jioni, nafunika na nailoni, nalala. Kama ulishapaka sabuni au povu, suuza kwanza.

Shida ni kuipata. Yangu niliagiza Dar ikaja na basi. Huku kila kitu kikipanda bei jibu ni lile lile, "dada, mzigo umetoka Dar", hata ndoo ya plastiki! Zaidi ya kilomita 800, sawa, nauli naielewa. Nisichokielewa ni kubandika karatasi ya bei juu ya tarehe ya kuisha muda. Nimeikuta kwenye maduka matatu. Kwa dawa ya vimeng'enya tarehe ndiyo mali yenyewe. Ikipitwa, unanunua maji ya bei mbaya. Bandua hiyo karatasi mbele ya muuzaji, akinuna anune.

Ya pili ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, na matone ya sabuni ya vyombo. Inafanya kazi kweli, ila inaweza kupausha rangi, kwa hiyo ijaribu kwanza chini ya kochi. Siki na baikaboneti: rahisi, zinasaidia mkojo wa leo, si wa mwezi uliopita.

Jik hapana kabisa. Klorini yake ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa ya sumu, na huku tunafunga madirisha kwa baridi. Maji ya moto nayo yaache.

Kabla ya dawa yoyote, tafuta tochi ya kukagulia noti, ile ya mwanga wa zambarau waliyo nayo mawakala wa pesa. Zima taa, imulike kapeti: mkojo uliokauka unang'aa. Mimi nilikuwa nahangaika na kona moja, kumbe zilikuwa nne.

Yule muuzaji nilimrudia na kopo lake. Alilitikisa, akalisikiliza, akaniambia povu halina tatizo, nibadilishe paka.