Crown Victoria ya polisi wa Marekani kwenye barabara za Lubumbashi: uzoefu wangu

Watu wa Lubumbashi hawaniulizi bei ya gari yangu. Wanauliza: "Inakunywa namna gani?" Basi nianze na hilo. Inakunywa. Ni Ford Crown Victoria Police Interceptor ya mwaka 2010, silinda nane, injini ya lita 4.6. Ndani ya mji, kwenye msongamano wa barabara ya Kasenga, inakula lita 16 au 17 kwa kilometa 100. Njia ya Likasi, ukiikanyaga kwa adabu, inashuka hadi 11 hivi. Mwenye kutafuta gari ya kubana mafuta aishie hapa, akanunue Toyota IST kama wenzake.

Niliipata kupitia mdogo wangu anayeishi Texas. Kule miji na kaunti huuza kwa mnada magari ya polisi yaliyostaafu, mengi yao kwa njia ya intaneti, na raia yeyote anaweza kutoa bei. Unanunua jinsi ilivyo, hakuna garantii wala kurudisha. Kabla ya mnada hung'oa king'ora, taa za juu, redio, kompyuta na ule wavu wa chuma unaotenga viti vya mbele na vya nyuma, kisha hubandua maandishi ya milangoni. Bei ya mnada ilikuwa chini ya gharama za kuileta: meli hadi Dar es Salaam, barabara hadi Tunduma, Zambia kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu Kasumbalesa, na pale Kasumbalesa, mpakani, kuna duane (forodha) na kuna deklara, wakala wa forodha, anayekujulisha kila asubuhi kwamba imebaki karatasi moja tu. Kwa hiyo ukisikia kwamba magari ya polisi kule ni ya bure, ni kama kweli, ila ubure wake unaishia bandarini.

Nilichokuwa nafuata hasa ni usukani wa kushoto. Sisi huku Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi ya mji huu ni ya Kijapani yenye usukani wa kulia. Mjini unazoea. Njia ya Likasi na Kolwezi, nyuma ya msururu wa malori ya madini, huzoei kamwe: dereva haoni mbele mpaka atoe nusu ya gari yake upande wa pili, kwa hiyo anamtegemea abiria amwambie "pita" au "ngoja kwanza". Nilichoka kuweka uhai wangu mikononi mwa shemeji anayesinzia. Gari ya Marekani inakuja na usukani mahali pake, na hii inakuja pia na nguvu farasi 250. Kulipita lori la trela mbili kunamalizika mapema, unarudi kwenye njia yako, unapumua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanunuzi wengi wanalikosa. Wote wanaangalia kilometa. Gari ya polisi wa doria haichoki kwa kilometa, inachoka kwa kusimama. Afisa anaegesha pembeni, injini inaunguruma, kiyoyozi kinafanya kazi, kompyuta na taa zinavuta umeme, yeye anaandika ripoti au anavizia wenye mwendo mkali. Odometa haisogei hata kidogo, huku mafuta ya injini yanaungua na vyuma vinasuguana. Ford yenyewe iliviambia vikosi vya polisi vihesabu saa moja ya injini kukaa imewaka bila kutembea kama maili 33 za barabarani, yaani kilometa 53 hivi. Magari ya miaka ya mwisho yana hesabu hiyo kwenye dashibodi: ukibonyeza kitufe cha odometa mara kadhaa, zinatokea saa za injini, na kwa mengine zinatokea kando saa za kusimama. Fanya hesabu mwenyewe. Gari yenye saa 3,000 za kusimama ina uchakavu wa kilometa 159,000 ambazo hazijaandikwa popote. Ndiyo maana picha ya kwanza niliyomwomba mdogo wangu ilikuwa ya saa hizo. Rangi na viti vilisubiri.

Magari mawili tuliyaacha kwa sababu hiyo. La tatu, ambalo ndilo langu, halikuwa la doria. Lilikuwa la mkubwa fulani wa ofisini, ingawa lilivishwa maandishi na vifaa vya polisi kama mengine. Dalili zake unazijua ukiziangalia: paa halina matobo ya taa, sakafu ina zulia badala ya ule mpira mweusi wa doria, na kiti cha dereva hakijaliwa upande mmoja. Cha doria huliwa, kwa kuwa mkanda wenye bastola, pingu na redio unakikwaruza kila afisa anapoingia na kutoka. Ukitaka kujua kama gari ni ya polisi kweli au ni ya raia iliyovishwa, soma namba ya shasi: alama ya tano hadi ya saba ni P71, au P7B kwa yale ya mwishoni. Namba yenyewe inaanza na 2, maana yake imetengenezwa Kanada. Ndivyo ilivyo, gari hizi za polisi wa Marekani zilikuwa zinatoka kiwanda cha St. Thomas, Ontario, kilichofungwa Septemba 2011.

Fundi wangu wa Kampemba alipoinua gari mara ya kwanza alikaa chini yake muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akatoka akiwa anacheka: "Yaya, iyi ni kamyoneti. Bameivalisha tu koti." Yaani ni kilori kilichovishwa umbo la gari ndogo. Yuko sahihi. Bodi imefungwa kwa bolti juu ya shasi ya chuma, mashine inasukuma magurudumu ya nyuma, ekseli ya nyuma ni moja nzima. Hivyo ndivyo yalivyokuwa magari ya zamani ambayo mafundi wetu walijifunzia. Toleo la polisi liliongezewa springi ngumu, vipoozaji vya mafuta ya injini, ya gia na ya usukani, na alteneta kubwa ya ampea 200. Vitu hivyo viliwekwa kwa ajili ya kusimama juani saa nyingi, na hapa kwetu vinafaa mno. Mwezi wa kumi, joto likiwa limeshika mji na foleni haisogei, geji ya joto haijawahi kupanda. Gia ni otomatiki za ngazi nne, kijiti kiko kwenye nguzo ya usukani. Fundi hajawahi kuzifungua.

Ila alifungua mbele. Rotile, yaani viungo vya mpira vinavyoshika magurudumu ya mbele, zilikuwa zimelegea na mipira ya mikono ya magurudumu ilikuwa imepasuka. Vitu hivyo nilivitarajia kwa gari lililopanda kando za barabara miaka kadhaa. Kilichotusumbua kweli ni umeme. Walioondoa vifaa vya polisi walikata nyaya kwa mkasi na kuziacha zikining'inia chini ya dashibodi, nyingine zikiwa bado na moto wa umeme. Redio ilikuwa inajizima, taa ya ndani inajiwasha usiku, betri inakufa. Fundi wa gari alishindwa. Aliyemaliza kazi ni kijana anayetengeneza televisheni Kamalondo: alikaa nayo na kipimio chake, akafuata uzi mmoja mmoja, akatoa nyuzi zilizojaa mfuko wa saruji. Ukinunua gari ya namna hii, bajeti ya fundi umeme iweke kabla ya bajeti ya rangi.

Milango ya nyuma nayo. Gari ya polisi haifunguliwi kutoka ndani ukikaa nyuma, na vioo vya nyuma havishushwi na aliyekaa pale. Wanaouza hawairudishi hali hiyo kuwa ya kawaida. Fundi alikuwa bado anatafuta namna ya kuunganisha vitasa ndipo ikafika Jumapili ya kumpeleka mama mkwe kanisani. Wasomaji wa huku wanajua bukwe ni nini: mama mkwe humtazami machoni, humwachi asimame juani, na hakika humfungii ndani ya gari. Nilishuka kumsalimia padri. Niliporudi, mama alikuwa ameketi wima nyuma ya kioo, mkoba magotini, amegonga mpaka amechoka. Akasema kwa sauti ndogo, "Mukwe, miye nimekosa nini?" Mke wangu alilazimika kuomba msamaha kwa niaba yangu, kwa sababu mimi sikuthubutu kufungua kinywa. Kesho yake vitasa viliunganishwa. Kazi yenyewe ni ndogo: ndani ya mlango ule fimbo ya kitasa imetolewa tu, inarudishwa.

Kiti cha nyuma, kwa upande mwingine, ni neema. Ni cha plastiki ngumu, kilitengenezwa ili kioshwe kwa urahisi baada ya walevi. Ukimwaga mafuta ya mawese juu yake, unapangusa. Buti ni kubwa kupita kiasi, zaidi ya lita 580, inabeba magunia ya unga na ya makala (makaa) bila kufunga kamba, na gurudumu la akiba ni kamili, si lile jembamba la dharura.

Kuhusu ufunguo: vikosi vingi viliagiza magari yao yote yafunguliwe kwa ufunguo mmoja, ili afisa yeyote aweze kuchukua gari yoyote. Kwa hiyo hujui ni watu wangapi duniani wenye ufunguo wa gari yako. Hapa Lubumbashi hilo si tishio kubwa, lakini nilibadilisha vitasa vya kufuli. Nalala vizuri zaidi.

Jambo lililonipa wasiwasi kabla ya kununua ni tanki. Tanki ya Crown Victoria iko nyuma ya ekseli, karibu na bampa. Marekani maafisa kadhaa waliungua na kufa baada ya kugongwa kwa nyuma na magari yenye mwendo mkali. Mwaka 2002 Ford ilikubali kuwawekea polisi kinga za plastiki mbele ya bolti na vyuma vinavyoweza kutoboa tanki, na baadaye ikaweka kama nyongeza mfumo wa kuzima moto. Gari ikifika kwako, ingia chini uangalie kama kinga hizo zipo. Kwangu zipo. Bado siegeshi nyuma ya kona, na kwenye mteremko sipendi lori lisilo na breki nzuri nyuma yangu. Mtu anayesafiri na malori ya madini kila wiki alifikirie hili vizuri kuliko mimi.

Kuhusu polisi wetu: wao wanatembea na pikapu, kwa hiyo wazee hawaitambui. Vijana wanaitambua kwa filamu. Nilikuwa na taa ya kumulika kwenye nguzo ya mlango wa dereva, nikaitoa na kuziba tobo, maana kila njiapanda polisi wa rulaji, yule wa barabarani, alitaka maelezo. Maandishi hayajatoka yote pia. Rangi iliyokuwa chini yake haikupigwa jua kama sehemu nyingine, kwa hiyo saa sita mchana, ukisimama pembeni, unasoma POLICE. Polisi mmoja alinisimamisha Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi, akazunguka gari nzima. "Mukubwa, iyi motokari ni ya polisi ya wapi?" Nikamwambia ya Amerika. "Na weye uko polisi?" Hapana, chefu. Akacheka, akanirudishia karte roze (kadi ya gari), akaniomba nimwonyeshe injini.

Vipuri hapa mjini havipo. Usidanganywe na mtu anayesema vya Ford Ranger vinaingia. Kinachookoa ni Dubai: Crown Victoria iliuzwa sana nchi za Ghuba, na ya mwisho kabisa kutoka kiwandani ilikuwa ya kwenda Saudia. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai kila mara wanaweza kukuletea rotile, pampu ya maji na filta kwenye mzigo wao wa vitambaa, ukiwapa namba ya kipuri iliyoandikwa wazi. Vipuri vya Mercury Grand Marquis na vingi vya Lincoln Town Car vinaingia pia.

Na mvua. Gari hii ni ndefu, mita 5.4, na iko chini. Katikati ya mji, Golf, Bel-Air, njia ya Likasi, hakuna shida. Kuanzia Novemba, barabara za udongo za Katuba na za Annexe siziingii nayo. Naiacha kwenye lami kwa rafiki, natembea kwa miguu au nakodi pikipiki. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, nguvu ni nyingi, matope mekundu yanateleza, unaanza kuzunguka mbele ya macho ya watoto wa mtaa mzima.

Wanaouliza kuhusu zile mpya: baada ya 2011 polisi wengi walihamia Dodge Charger na Ford Explorer ya polisi, na Explorer ndizo zinazojaa kwenye minada siku hizi. Ziko juu kidogo na zinasukuma magurudumu manne, kwa hiyo Annexe zingefika. Lakini injini yake ya V6 ya lita 3.7 ina pampu ya maji ndani, inazungushwa na cheni. Ikivuja, maji yanaweza kuingia kwenye mafuta, na kuibadilisha ni kufungua mbele yote ya injini. Fundi wangu alipoona mchoro alitikisa kichwa. Mdogo wangu ameshanitumia picha za moja ya 2016, nyeusi, safi. Nimemwomba anitumie kwanza saa za injini, na picha ya mafuta kwenye kijiti cha kupimia.