Mbegu ya muhogo Kiroba: inafaa kwa nani, na inashindwa wapi

Ukiuliza mbegu ya muhogo kuanzia Bagamoyo mpaka Rufiji, Kiroba ni kati ya majina ya kwanza utakayotajiwa. Ni muhogo mtamu, wa kuchemsha, kukaanga na kutia kwenye futari, kwa hiyo soko la Dar es Salaam linaupokea bila maswali. Ila sifa inayofanya watu waifuate mbegu yenyewe ni kuvumilia michirizi kahawia, ule ugonjwa unaokufanya ung'oe shina zuri lenye majani ya kijani, upasue mzizi, ukute ndani umejaa mabaka ya kahawia makavu kama kizibo. Mzizi wa hivyo hauliki, wala hautoi makopa ya maana.

Tunaipa Kiroba alama nzuri, lakini si kwa sababu ambayo wauzaji wengi huitaja. Muuzaji atakwambia "hii haishikwi na ugonjwa". Inashikwa. Kagua shamba la Kiroba lenye miezi sita na utaona majani ya chini, yale yaliyokomaa, yana madoa ya njano yanayofuata mishipa. Virusi vimo ndani. Tofauti ni kwamba haviongezeki kwa kasi ile ile, na mizizi huchelewa kuharibika. Wingi wa virusi ulipopimwa kwenye mimea iliyoambukizwa, mbegu nyingine iitwayo Kaleso ilikuwa navyo vichache zaidi, Kiroba ikawa ya kati, na Albert, mbegu iliyopendwa sana kusini, ikawa navyo vingi kuliko zote. Kaleso ndiyo ile ile inayoitwa Namikonga upande wa Tanzania. Asili ya Kaleso ni kazi ya kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, ambako kuanzia miaka ya 1930 mtafiti H. H. Storey na wenzake walichanganya muhogo na ndugu yake wa mwituni, mti wa mpira uitwao Manihot glaziovii, kisha wakarudisha uzao kwenye muhogo mara kadhaa ili kupata mizizi ya kulika. Storey huyo huyo ndiye aliyeueleza ugonjwa huu kwa maandishi mwaka 1936.

Mbegu inayovumilia ina faida nyingine isiyosemwa sana. Kwa kuwa virusi havisambai sawasawa mwilini mwa mmea, baadhi ya pingili zinazokatwa kwenye shina lililoambukizwa huota zikiwa safi. Kwa Albert jambo hilo ni nadra zaidi. Ndiyo maana Kiroba hudumu misimu kadhaa shambani kwa mkulima wakati mbegu dhaifu imekwisha zamani. Lakini upande wa pili wa sifa hiyo ni mbaya: mmea unaougua bila kuonyesha sana ni rahisi kukatwa mbegu na kupelekwa kwa jirani. Ukipanda Kiroba chafu kando ya Albert safi, umemletea Albert ugonjwa.

Kwa hiyo unaponunua, nusu ya thamani iko kwenye aina na nusu iko kwenye usafi wa pingili. Usinunue mzigo uliofungwa barabarani. Shina lisilo na majani halikuambii chochote. Nenda shambani kwa muuzaji majani yakiwa bado yapo, kabla ukame haujayaangusha, maana dalili ziko kwenye majani ya chini na ndiyo yanayoanguka kwanza. Batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo, ni kinyume: huonekana juu, kwenye majani machanga yaliyojikunja na kuwa na mabaka ya njano na kijani. Angalia vyote viwili. Kwenye sehemu ya kijani ya shina tafuta michirizi ya kahawia. Halafu omba kung'oa mashina machache pembe tofauti za shamba, na kila mzizi upasue mara tano, kutoka kichwani hadi mkiani. Kidonda kinaweza kuwa katikati tu huku ncha zote mbili zikiwa nyeupe. Muuzaji akikataa, achana naye. Mzalishaji aliyekaguliwa na Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu (TOSCI), hata wa daraja la kuazimiwa ubora, yaani mkulima anayezalisha mbegu kule kijijini, anapaswa kuwa na karatasi za ukaguzi. Muulize pia shamba lake liko umbali gani na muhogo wa watu wengine.

Umbali huo una sababu. Inzi weupe, wale wadogo wanaokaa chini ya majani ya juu, hunyonya virusi vya michirizi kahawia lakini hawakai navyo muda mrefu, kwa hiyo wanaambukiza zaidi mimea ya karibu. Safari ndefu za ugonjwa huu hufanywa na watu, kwa pikipiki na malori yaliyobeba mashina. Kuwapulizia dawa inzi hao hatukupendekezi: wapya wanaingia kutoka shamba la pili kabla dawa haijakauka, na unaua nyigu wadogo wanaowala wadudu wengine wa muhogo, wakiwemo nyigu wanaodhibiti vidung'ata, wale wadudu weupe kama wamepakwa unga.

Kiasi: kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja unahitaji pingili 4,000 kwa ekari. Pingili ni sentimita 20 hadi 30, yenye macho matano au zaidi. Shina lenye urefu wa mita moja na nusu unaotumika hutoa pingili sita hivi, basi hesabu mashina 700 kwa ekari. Nunua kwa idadi ya pingili au mashina, kwa sababu ukubwa wa mzigo hutegemea mkono wa anayefunga. Chukua shina la mmea wa miezi 8 hadi 12, tupa ncha ya kijani na kitako kigumu. Ukikwaruza gome, utomvu mweupe utoke mara moja; ukichelewa, shina limekauka. Ikibidi kusubiri mvua, yasimamishe kivulini, vitako vikigusa udongo wenye unyevu, wala usiyalaze juani. Panda machipukizi yakiangalia juu.

Baada ya hapo kazi ni kung'oa. Miezi mitatu ya kwanza pita mistarini kila baada ya wiki mbili hivi, na mmea wowote wenye dalili ung'olewe na mizizi yake, usibaki kuwa mbegu ya ugonjwa. Wakulima wengi huona uchungu kung'oa mmea unaokua vizuri, na Kiroba, kwa vile inakua vizuri hata ikiugua, huwatia uchungu zaidi.

Mahali Kiroba inapoangusha watu ni kwenye mavuno. Pwani tumezoea kuacha muhogo ardhini kama ghala, unachimba kidogo kidogo hadi mwaka wa pili. Mbegu hii vuna miezi 9 hadi 12. Ukiiacha zaidi kwenye eneo lenye ugonjwa, uvumilivu wake unakwisha na mabaka huongezeka mwezi hadi mwezi, huku majani juu hayakuonyi.

Kwa Kanda ya Ziwa hatuishauri. Huko batobato kali iliyotoka Uganda ilishaua mbegu nyingi, kisha michirizi kahawia, iliyodhaniwa ni ya ukanda wa chini tu, ikaonekana nayo kuanzia miaka ya 2000. Mkulima wa Sengerema au Geita aulize kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, Mwanza, mbegu zilizopimwa kwa magonjwa yote mawili pamoja. Zanzibar wana za kwao, Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, zilizotolewa mwaka 2007, na hazina sababu ya kuachwa kwa ajili ya Kiroba.

Anayeuza muhogo mbichi sokoni, anayevuna shamba zima kwa mkupuo na kununua pingili safi upya kila baada ya misimu mitatu hivi, achukue Kiroba. Anayetaka muhogo wa kukaa ardhini miezi 18 aanze na robo ekari ya mbegu mpya ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), apasue mizizi mwezi wa 12 na tena mwezi wa 15, ndipo aamue ekari zilizobaki.