Waya za spika za muziki zimo ukutani tayari: amplifaya moja, au moja kwa kila chumba?
Tuseme nyumba iko Himbi, Goma, waya zote za spika zinaishia kwenye kabati la korido.

Amplifaya moja na kisanduku cha kugawa sauti ni nafuu, ila baba akifungulia habari sebuleni, jikoni nako ni habari. Halafu kuna omu, kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme: spika nne za omu 8 zikiungwa sambamba zinabaki omu 2, na amplifaya nyingi za nyumbani hazivumilii. Kisanduku kisicho na kinga dhidi ya omu kushuka hivyo, usikiguse.

Amplifaya ndogo za Wi-Fi, kama WiiM Amp (wati 60 kila upande) au Sonos Amp (125), hupangwa kabatini humohumo. Kila chumba na muziki wake. Bei inauma. Umeme ukikatika ukahamia betri, ruta nayo iwe kwenye betri hiyo. Mimi ningeanza na sebule.