Pedali ya korasi, feiza na rotari: kabla ya kulipa, chomeka waya mmoja tu

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wapiga gitaa yanafanana mno. Mtu amejinyima, amenunua pedali ya multi-efekti, yaani kifaa cha kukanyaga chenye efekti nyingi za sauti, nyumbani kavaa hedifoni na kusikia korasi pana inayojaa kichwa kizima. Jumamosi anaipeleka ukumbini, anampa fundi mitambo waya mmoja, na gitaa linatoka kavu utadhani limechomekwa moja kwa moja kwenye miksa. Anaongeza kina, hakuna kitu. Anaongeza kasi, hakuna kitu. Mpiga solo mmoja wa bendi ya harusi hapa Dar alikuwa tayari anatafuta mteja wa kumwachia pedali yake kwa bei ya hasara, akiamini imekufa. Ilikuwa nzima kabisa.

Basi sitazungumzia idadi ya efekti, skrini ya rangi wala USB, maana hayo yameandikwa kwenye boksi na muuzaji atakusomea bila kuombwa. Nazungumzia kitu kimoja ambacho hakuna muuzaji amewahi kunitajia: pedali inafanya nini ukitumia jeki moja tu ya kutolea sauti. Huku kwetu karibu kila mpiga gitaa anapiga kwa jeki moja. Amplifaya ni moja, laini ya miksa ni moja, na hata spika za kulia na kushoto za ukumbi mara nyingi zinatoa sauti ileile.

Korasi inachukua sauti ya gitaa lako, inatengeneza nakala, inaichelewesha kwa milisekunde chache, kama 10 hadi 30, na ule ucheleweshaji unayumba polepole ili nakala ipande na kushuka kidogo. Nakala ikichanganyika na sauti halisi unapata ule mng'ao unaoujua kwenye rumba ya Paris ya miaka ya 1980, Kanda Bongo Man akiimba na Diblo Dibala kwenye solo. Sasa, ili korasi ionekane pana kwenye stirio, yaani sauti mbili tofauti za kushoto na kulia, watengenezaji wengi hutumia njia rahisi: kushoto wanatoa sauti halisi na nakala, kulia wanatoa sauti halisi na nakala ileile iliyopinduliwa, kilele cha wimbi kikawa bonde. Kwenye hedifoni ni raha. Lakini ukijumlisha kushoto na kulia kwenye waya mmoja, nakala na iliyopinduliwa zinafutana. Inabaki sauti halisi peke yake. Korasi uliyoilipia imeishia ndani ya pedali.

Balaa hilohilo linatokea hata ukitoa nyaya zote mbili, kama fundi mitambo akiweka chaneli zote mbili katikati. Halafu kuna kosa jingine ninaloliona sana makanisani: kijana anatoa waya wa stirio kwenye tundu la hedifoni la pedali na kuuchomeka kwenye tundu la miksa la laini ya balansi. Tundu la namna hiyo kazi yake ni kupunguza upande mmoja kutoka upande wa pili, kama kutoa kwa hesabu. Kilicho sawa pande zote mbili, yaani gitaa lenyewe, kinapotea, na kinachobaki ni ile nakala inayoyumba. Kwaya nzima inageuka kumtazama mpiga gitaa, naye hajui afanye nini. Tumia jeki iliyoandikwa L/MONO au A/MONO (mono ni sauti moja tu, bila kushoto na kulia), kwa waya wa kawaida wa gitaa. Tundu la hedifoni liache kwa ajili ya hedifoni.

Efekti zote haziumii sawasawa. Feiza, ile inayofanya sauti ivume kama upepo unaozunguka, huvumilia, hata ya stirio ikijumlishwa inapungua ukali lakini inasikika. Vibrato, inayoyumbisha noti juu na chini, nayo hutegemea imejengwaje, ila mara nyingi inapona. Rotari, ile inayoiga spika za Leslie zenye tarumbeta linalozunguka, inapoteza mzunguko na kubakiza mtikisiko. Tremolo ya kawaida, inayopandisha na kushusha ukubwa wa sauti, haina shida, lakini ile inayohamisha sauti kutoka kushoto kwenda kulia inakufa kabisa, maana upande mmoja unapanda huku mwingine ukishuka na jumla yake ni ileile. Korasi pana na Dimension (aina ya korasi pana iliyo tulivu) ndizo za kuchunga kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndizo wapigaji wetu wa rumba na dansi wanazozitaka zaidi.

Kupima dukani hakuhitaji utaalamu. Nenda na waya wako. Chomeka L/MONO peke yake kwenye amplifaya moja, chagua korasi, weka kasi ndogo na kina cha kati, kisha gusa nyuzi tatu za juu na uziache ziishe zenyewe. Sikiliza mwisho wa sauti, pale inapofifia, kwa sababu ndipo mawimbi ya korasi yanaposikika wazi. Kama sauti inafifia imenyooka, bila kuyumba hata kidogo, hiyo korasi haifiki ukumbini. Badilisha aina ya korasi urudie. Na usikubali kupimiwa kwa hedifoni.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Kariakoo kuna maduka ambayo ukiomba kuchomeka tu unaambiwa "ukijaribu umenunua". Boksi lina gundi, likifunguliwa ni lako. Na mara nyingi anayekuambia hivyo si mwenye duka hata kidogo. Ni winga aliyekudaka barabarani, ambaye bei anayokutajia ina chake ndani, na ambaye kesho humwoni. Ukiuliza kama ni ya mono au stirio anajibu "zote zipo, sista". Ukiuliza waranti unapewa ya mdomo. Mimi naona ni dhuluma. Huyu mpiga gitaa analipwa kwa shoo, wakati mwingine halipwi, na anatoa pesa ya miezi kununua kitu ambacho hajakisikia. Muuzaji wa redio anaiwasha redio mbele ya mteja; kwa nini pedali ya bei mara kadhaa ya redio inunuliwe kwa kuitazama? Duka likikataa kukupimia, toka. Bora ununue kwa mpigaji mwenzako aliyeitumia, umsikie akiipiga jukwaani kwa waya mmoja.

Sasa mpangilio wangu. Napenda Boss na sifichi. Kampuni hii imekulia kwenye korasi. Mwaka 1975 Roland, kampuni mama ya Boss, walitoa amplifaya ya JC-120, yenye spika mbili za inchi 12, spika moja ikitoa sauti halisi na nyingine nakala inayoyumba, na mchanganyiko ukifanyika hewani, mbele ya masikio yako. Mwaka uliofuata sakiti ile ikawekwa kwenye pedali, CE-1, ya kwanza kwa jina la Boss. Mwaka 1979 ikaja CE-2, kipedali cha jeki moja ya kutolea na nobu (vifundo vya kuzungusha) mbili tu, kasi na kina, ambacho watu wanakisaka mpaka leo. Maana yake Boss walishajifunza kutengeneza korasi nzuri ya waya mmoja kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Kwa hiyo namba moja ni Boss MD-200. Ni pedali ya modulesheni tupu, yaani efekti zinazoyumbisha sauti, aina 12 ndani yake: korasi, flenja, feiza, vibrato, tremolo, rotari na nyingine. Nobu ziko juu, unazishika kwa mkono bila kuingia kwenye menyu, na hilo lina maana kubwa pale sebene inapoanza na unatakiwa upunguze kasi sasa hivi, wimbo ukiwa unaendelea. Kwa masikio yangu, korasi yake kwenye jeki ya A/MONO inasimama: gitaa linabaki na mwili, mng'ao upo, na fundi mitambo hahitaji kujua chochote. Ukikuta kaka yake, MD-500, na mfuko unaruhusu, chukua bila wasiwasi. Aina ni 12 vilevile lakini ndani kuna algorithimu 28 na nafasi 297 za kuhifadhi sauti zako. Sema ukweli wako tu: kama unapiga sauti nne usiku kucha, 297 za nini?

Namba mbili ni Line 6 HX Stomp. Hii imezidi zote kwa jambo moja ninalolihubiri hapa, na nawapa haki yao ingawa moyo wangu uko kwingine. Kwenye menyu yake, kila kundi la efekti limegawanywa wazi: za mono upande wake, za stirio upande wake. Ukitumia jeki ya kushoto peke yake, mashine inajumlisha pande zote mbili, kwa hiyo korasi ya stirio iko hatarini. Dawa yake ni rahisi: ingia kundi la Mono, chagua humo, umemaliza. Korasi iitwayo 70s Chorus imeigwa kutoka CE-1 ya Boss, feiza iitwayo Script Mod Phase imeigwa kutoka MXR Phase 90, na kuna rotari mbili za Leslie. Tangu programu ya 3.0 unaweza kupanga efekti nane kwa mpigo, awali zilikuwa sita. Kinachoishusha kwangu ni bei, maana ilipotoka mwaka 2018 ilikuwa kama dola 600 huko Marekani, kabla ya meli, ushuru na winga. Pia adapta yake ni ya ampea 3. Ikiungua, usitarajie kupata mbadala kwenye meza ya fundi wa simu.

Namba tatu nawapa wanaotaka kila kitu kwenye boksi moja pamoja na pedali ya wah, ile ya kukanyaga inayofanya gitaa liseme "wa-wa": Boss tena, GT-1 au ME-80. GT-1 ina uzito wa kilo 1.3 na inatumia betri nne za AA, kwa hiyo umeme ukikatika na ukumbi ukahamia kwenye jenereta lenye mlio mbaya, wewe unaendelea na sauti safi. Udhaifu wake ni nobu chache. Kubadilisha kasi ya korasi katikati ya wimbo ni kazi. ME-80 ndiyo ninayoipenda kati ya hizi mbili. Ina nobu kila mahali, inatumia betri sita za AA, na mtu aliyezoea pedali mojamoja anaielewa siku hiyohiyo. Mrithi wake, ME-90, alitoka mwaka 2023, na tangu hapo ME-80 zilizotumika zimeanza kuonekana mikononi mwa watu. Zitafuteni.

Namba nne ni Zoom MS-70CDR. Ni ndogo, inatosha kwenye kiganja, na ilipotoka ilikuwa na efekti 86 za korasi, dilei (sauti inayojirudia) na riveba (mwangwi wa chumba), unapanga mpaka sita. Betri mbili za AA. Kwa pesa yake inatoa kingi, lakini ndiyo iliyoniletea malalamiko mengi ya korasi kupotea, na sababu iko wazi: watu wanakimbilia StereoCho kwa kuwa inapendeza kwenye hedifoni. Jaribu nyingine zote kwa waya mmoja kwanza.

Strymon Mobius ni chombo cha heshima, sikatai. Ilitoka kwa dola 449, na uzuri wake wote unasikika ukiwa na amplifaya mbili au studio. Kama unarekodi, ichukue. Kwa ukumbi wa harusi utakuwa umelipia upana usiofika kwa wasikilizaji.

Zile za bei ya chini kabisa za Kichina, Mooer, Donner na wenzake, zipo na zinapiga. Pima kwa waya mmoja, ikipita, chukua.

Jambo la mwisho ni kwa wanaoagiza kupitia ndugu aliyeko Marekani, kwa sababu pedali nyingi nzuri zinaingia kwa njia hiyo. Mwambie asome maandishi madogo mgongoni mwa adapta kabla hajaifunga kwenye begi. Ikiandikwa INPUT 100–240V inafaa kwetu. Ikiwa ni ya volti 120 tu, kama adapta ya Boss iitwayo PSA-120S, aiache hukohuko, maana umeme wetu ni volti 230 na itaungua mara tu ukiichomeka. Ya kununua hapa iwe volti 9, ampea zisizopungua zile zilizoandikwa kwenye pedali, na hasi iwe katikati ya pini. Adapta nyingi za ruta na redio zina chanya katikati, na muuzaji atakuambia ni zilezile kwa kuwa pini inaingia. Soma mchoro mdogo wa duara uliochapishwa karibu na tundu la umeme, ulinganishe na ule wa kwenye adapta, ndipo uchomeke.