Mkufu wa kuvaa kila siku: upi ununue, upi uuache

Mkufu wa kuvaa harusini unaweza kuwa wa chochote. Mkufu unaoga nao, unalala nao, unatoka nao jasho, huo ndio unaohitaji kuchaguliwa kwa makini. Mimi naipanga hivi.

Namba moja ni dhahabu ya karati 14, yenye muhuri wa 585: sehemu 585 kati ya 1,000 ni dhahabu. Wengi hukimbilia karati 24, lakini hiyo ni laini mno, na pete zake nyembamba (vile viduara vilivyoungana kuwa mkufu) hupinda na kulika zikisuguana. Karati 18 (muhuri 750) ina rangi iliyokolea zaidi, sikatai, ila kwa mkufu mwembamba wa kila siku nabaki na 14. Ukikatika, sonara anaulehemu. Ukiuchoka, unauzwa kwa uzito.

Namba mbili, fedha 925, yaani madini ya fedha, sehemu 925 kati ya 1,000. Huwa inalaumiwa kwa kupiga weusi, lakini weusi huo ni salfa imeshikana na fedha juu juu tu. Kitambaa laini kinautoa. Mfuko ukibana, anzia hapa.

Namba tatu ni chuma kisichoshika kutu, aina ya 316L. Hakipauki na bei yake ni nafuu. Kasoro yake ni kwamba ukikatika, masonara wengi hawataki kuugusa.

Halafu zipo zile zinazoitwa za dhahabu kumbe ni koti tu. Hata makoti hayafanani. Kuna tabaka nene lililogandamizwa juu ya shaba kwa joto na shinikizo; Marekani kwa kawaida linatakiwa lifikie 1/20 ya uzito wa mkufu mzima, na hilo hudumu miaka. Kuna dhahabu ya kuchovya, ambayo unene wake mara nyingi haufiki hata mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Hii huanza kupauka nyuma ya shingo na kwenye kifungio, shaba inajitokeza, shingo inabaki na alama ya kijani. Naiweka mkiani. Muuzaji akikuapia kwamba haipauki, muulize chini yake kuna metali gani.

Ukishachagua metali, usilipe bado. Usogeze mkufu karibu na macho uangalie pete moja moja, pale ncha mbili zinapokutana. Panatakiwa pawe pamelehemiwa. Ukiona ufa, hata wa kupitisha unywele, rudisha: siku mkufu utakaponaswa na nguo, pete hiyo itafunguka. Fungua na ufunge kifungio mara kadhaa. Kiwe na springi inayorudi yenyewe kwa nguvu, na kikubwa kiasi cha kushikika kwa vidole. Muhuri nao usome kwa akili, kwa sababu wakati mwingine umepigwa kwenye kifungio peke yake, na kifungio kinaweza kubadilishwa. Mikufu bapa inayoteleza kama ngozi ya nyoka inapendeza sana, lakini ikikunjika mara moja tu, kovu lake ni vigumu mno kuliondoa.